Gari la Kila Siku na Gari la Siku Moja

Wapo watakaoshangaa kuona suala la kununua gari likiwekwa katika kitabu cha tafakuri kama hiki. Watasema gari ni chuma na mpira. Mwenye fedha hununua alitakalo na asiye nazo hupanda basi. Falsafa inaingia wapi hapo? Lakini katika miaka yangu ya ualimu nimeona kwamba tabia ya mtu haijidhihirishi sana katika maneno makubwa anayoyasema juu ya haki na wema. Hujidhihirisha katika namna anavyonunua, anavyogawa na anavyojipangia nafasi ya kukaa. Ukiuliza gari gani linakufaa, umeuliza pia unaishi maisha gani, unaishi na nani, na wanaokuzunguka wanakudai nini. Kwa hiyo, ndugu msomaji, naomba tulitazame jambo hili kwa utulivu, hatua kwa hatua, kama tulivyofundishwa chuoni kuandaa somo.

Kwanza nieleze hali yenyewe. Mimi na mke wangu tunaishi katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto. Anayetoka Mombo hupanda mlima kwa barabara ya lami yenye kona nyingi, kiasi cha kilometa 33, mpaka Lushoto mjini. Kutoka huko hadi kwetu njia huendelea, na kilometa tatu za mwisho, zinazoacha barabara kubwa na kupanda kwenye kitongoji chetu, ni udongo mwekundu mtupu. Wakati wa kiangazi hata baiskeli hupita. Masika yakiingia, kuanzia Machi hadi Mei, udongo ule huwa kama sabuni, na vuli nayo hurudia somo lile lile kwa kifupi. Watoto wetu walikubaliana kutuchangia gari, wakatuwekea mezani mapendekezo mawili: Subaru Forester iliyotumika Japani, au Land Rover 110 ya zamani. Bei zilikuwa hazipishani sana. Walichotuachia sisi ni kuchagua.

Ni vema kuelewa tofauti ya magari haya kabla ya kuyahukumu. Subaru ile ni stesheni wagoni iliyoinuliwa kidogo. Magurudumu yote manne huvuta wakati wote bila dereva kufanya lolote. Bodi yake ni kipande kimoja, haikai juu ya chesisi, na kila gurudumu lina springi yake, hivyo gurudumu moja likiingia shimoni mengine hayapati habari. Injini yake imelala chini, silinda zikitazamana kushoto na kulia, na kwa sababu hiyo gari hutulia kwenye kona. Mlango ni mfupi, mzee huingia kwa kuketi tu. Lakini tumbo lake liko kama sentimeta 20 tu kutoka ardhini, na magari mengi ya aina hiyo hayana gia ile ya chini ya kupandia mlima wa matope polepole kama trekta.

Land Rover ni kiumbe kingine. Bodi yake hukaa juu ya chesisi ya chuma. Ina ekseli nzima mbele na nyuma, hivyo jiwe likiinua gurudumu la kushoto, la kulia hukandamizwa chini litafute mshiko. Ina gia ya chini, na difu yake ya kati hufungwa ili nguvu isipotee kwenye gurudumu linalozunguka bure. Fundi wa kijijini anaweza kuifungua chini ya mti kwa spana chache. Lakini hunywa mafuta zaidi, hupiga kelele, hutikisa, na kuingia ndani yake ni kupanda ngazi. Vijana husema gari hili halikupeleki mahali, linakufanyisha mazoezi mpaka ufike.

Ukiishia hapo utadhani umepewa kuchagua kati ya starehe na kazi, na kwamba mtu mwema hana budi kuchagua kazi. Historia haikubali hukumu ya haraka namna hiyo. Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948 huko Amsterdam. Mhandisi Maurice Wilks alikuwa na shamba Anglesey, huko Wales, na huko alikuwa akitumia jipu la Marekani lililobaki kutoka vitani. Bodi ya gari jipya ilitengenezwa kwa aluminiamu kwa sababu baada ya vita chuma cha pua kiligawiwa kwa vipimo. Lilikuwa jembe lenye magurudumu. Lakini gari lenye umbo lile la zamani, lililokuwa likiitwa Defender tangu 1990, liliacha kutengenezwa Solihull mnamo Januari 2016, na mrithi wake aliyetangazwa 2019 anauzwa kwa bei ambayo mkulima hawezi kuiota. Jembe limekuwa pambo la sebuleni.

Subaru nayo ina kisa chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shirika la umeme la eneo la Tohoku, kaskazini mwa kisiwa kikuu cha Japani, lilihitaji gari la kuwapeleka mafundi kukagua nyaya milimani wakati wa theluji. Majipu yalifika, lakini watu walifika wakiwa wamechoka na kuganda kwa baridi. Likaombwa gari la kawaida, lenye joto na viti vya maana, ila magurudumu yote manne yavute. Kutokana na jaribio hilo likatoka gari la Leone la mwaka 1972. Basi gari tunaloliita la starehe lilizaliwa kazini, kwa kuwaonea huruma mafundi, na gari tunaloliita la kazi limeishia kwenye anasa. Hapa tunajifunza kwamba wema haukai katika chuma. Hukaa katika matumizi, na matumizi ndiyo tuyapime.

Njia ya kwanza ya kupima ni kuhesabu siku. Mwaka mmoja kabla ya uamuzi huo niliweka alama kwenye kalenda ya ukutani kila siku ambayo njia yetu isingepitika kwa gari dogo. Nilipata siku 26. Siku 339 zilizobaki, stesheni wagoni ingepanda na kushuka bila taabu. Mtu wa hesabu angefunga daftari hapo na kusema kwamba hatununui gari kwa ajili ya siku 26.

Lakini siku si za kuhesabiwa tu. Nazo zina uzito. Katika shule niliyoiongoza tulikuwa na ndoo za mchanga mwekundu zilizotundikwa kando ya bweni, tayari kwa moto. Miaka ikapita bila moto. Hakuna mkaguzi aliyewahi kuandika kwamba mchanga ule ulikuwa upotevu wa mali. Siku moja ya moto ina uzito kuliko miaka kumi ya usalama. Vivyo hivyo, usiku mmoja wa Aprili, mama mjamzito anaposhushwa kwa machela katika utelezi huku vijana wanne wakishika mwanzi na wawili wakimulika tochi, una uzito kuliko safari zangu zote za kwenda kuchukua pensheni. Wahenga waliosema akiba haiozi hawakusema akiba hutumika kila siku.

Kwa mizani hiyo ya pili, Land Rover ilishinda. Na mzee mmoja wa kitongoji, jirani yangu wa miaka mingi, alinisaidia kuihisi mizani hiyo. Alikuja jioni, akasalimu, akakaa, na baada ya mazungumzo ya kahawa na bei ya viazi akasema: "Mwalimu, nimesikia mnafikiria kile kigari kidogo. Ni kizuri. Lakini usiku wa mvua tutakwenda kugonga mlango wa nani?" Hakusema zaidi. Alikunywa chai yake akaaga.

Swali lake ndilo moyo wa makala hii. Halikuhusu mafuta wala springi. Alikuwa ananiuliza hivi: Je, ni halali mtu kuchagua kutoweza, ili asiombwe? Anayeishi na ngazi ndefu ataazimwa ngazi. Anayejua kuandika barua ataombwa kuandika barua. Uwezo wowote huzaa wajibu, nasi sote tunalijua hilo, ndiyo maana wapo wanaoficha uwezo wao kama wanavyofichwa kuku wageni wanapoingia. Ikiwa nachagua gari dogo ili usiku wa mvua niwe na sababu nzuri ya kuendelea kulala, basi sikuchagua gari, nimenunua udhuru. Na udhuru ulionunuliwa hauna thamani kwa mwenye kuuza wala kwa mwenye kununua.

Nilipofika hapo katika mawazo yangu nilikuwa karibu kuamua. Ndipo nilipomwuliza mke wangu. Yeye ana maradhi ya mgongo, na kila mwezi husafiri hospitalini, kwenda na kurudi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Baba, mimi sina neno na Land Rover. Ila mgongo wangu nao ni abiria. Ungemwuliza na yeye."

Maneno yale yalinifungulia upande wa mizani ambao haujatazamwa. Tunapenda kusifu ugumu wa maisha, hasa sisi wa kizazi kilicholelewa na jembe na mwenge. Lakini ugumu ni fadhila pale tu anayeuchagua ndiye anayeubeba. Mwanamume anayekula mlo mmoja ili watoto wake wale miwili ni mvumilivu. Anayewanyima watoto mlo mmoja ili asifiwe kwa kubana matumizi si mvumilivu, ni mkatili mwenye sifa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani mzigo usioubeba wewe huonekana mwepesi daima. Kama ningenunua gari la kutikisa ili niitwe mtu wa watu, heshima ingekuwa yangu na maumivu yangekuwa yake, mara 12 kila mwaka. Huo si ukarimu. Ni kutoa sadaka kwa mkoba wa mtu mwingine.

Yapo pia mambo mawili yanayojificha ndani ya hamu ya gari la nguvu, nayo ni fahari na hofu. Fahari tunaifahamu vizuri Afrika Mashariki. Tuliwahi kuwa na neno Wabenzi kwa wenye Mercedes, na baadaye hapa Tanzania tukapata neno mashangingi kwa magari makubwa ya wakubwa. Mwalimu mstaafu naye ni binadamu. Kupita sokoni na gari refu kuna ladha yake. Hofu ni ya siri zaidi. Mtu hununua nguvu akidhani amenunua usalama. Lakini magurudumu manne yanayovuta hayasaidii kusimama. Breki ni breki, na utelezi ni utelezi. Gari refu kwenda juu hupinduka upesi kuliko fupi likikata kona kwa kasi. Na madereva wa zamani wa milimani wana msemo wao kwamba gari la nguvu nalo hukwama, ila hukwama mbali zaidi na msaada.

Sasa tulirudie swali la jirani yangu, kwa maana halijajibiwa. Kukuta fahari na hofu kando ya njia hakuondoi uzito wa usiku ule wa Aprili.

Nionavyo mimi, kuna tofauti kati ya wajibu wa mtu na wajibu wa watu. Mtoto akizama mtoni mbele yangu, mimi niliyepo ndiye mwenye wajibu, siwezi kuitisha kikao. Lakini mto ukizamisha watoto kila mwaka, wajibu ni wa kijiji kizima kujenga daraja, na mtu mmoja anayejigeuza kuwa mwogeleaji wa kijiji anaweza, bila kukusudia, kuwasahaulisha wenzake daraja. Wagonjwa wa kitongoji chetu wako katika hali hii ya pili. Hawapatwi na ajali isiyotarajiwa. Kila masika huja, na kila masika wanawake hujifungua. Jambo linalojulikana litakuja linahitaji mpango. Haliwezi kutegemea kama mzee mmoja wa miaka sabini na kitu yu mzima usiku huo, anaona vizuri gizani, na ana dizeli.

Mipango hiyo ipo, na inafaa kila kitongoji kiijue. Mfumo wa M-Mama, ambao tangu 2022 ulianza kusambazwa nchini kote baada ya majaribio katika Kanda ya Ziwa, humwezesha mama mjamzito au aliyejifungua kupiga 115 bila malipo, akatafutiwa gari la wagonjwa, na likikosekana, dereva wa jamii aliyesajiliwa hutumwa na kulipwa kwa safari yake. Huo ndio wajibu wa watu uliopangwa vizuri. Lakini hata dereva huyo hufika mahali utelezi unapoanza.

Wazo hilo la mwisho ndilo lililoniamulia. Tatizo la kitongoji chetu halikuwa ukosefu wa gari la nguvu. Ni kilometa tatu za njia, na ndani ya hizo, sehemu tano ambapo maji ya mlima hukatiza barabara kwa kukosa mtaro na kalavati. Gari la nguvu lingevuka sehemu hizo tano likiwa na mimi ndani. Kalavati tano zingemvusha kila mtu: bodaboda, lori la kabichi, mwalimu wa shule ya msingi, dereva wa 115. Tena nimeona jambo moja katika maisha ya viongozi na matajiri wetu: apandaye gari lisilohisi shimo huacha kuliona shimo. Hana nia mbaya. Mgongo wake haumkumbushi. Aliye na gari dogo ana sababu ileile aliyo nayo jirani yake ya kutaka njia itengenezwe. Kuna udugu fulani katika kukwama mahali pamoja.

Atatokea mwenye kunipinga, naye atakuwa na haki. Atasema: "Mwalimu, kalavati ni maneno ya kesho. Mama anayeumwa uchungu leo usiku haokolewi na kalavati itakayojengwa mwakani." Ni kweli, na sina hoja ya kulifuta jambo hilo. Kila anayechagua dawa ya wengi iendayo polepole huacha mtu mmoja akisubiri, na asidanganyike kwamba hakumwacha. Ninachoweza kusema ni kwamba mwenye kuchagua hivyo anapaswa kufanya mambo mawili: kwanza, alipunguze hilo subira kwa kila njia aliyo nayo leo, pili, aitimize kweli ile ahadi ya kesho, maana dawa ya polepole isiyokuja kabisa ni hadaa.

Tulinunua Subaru. Mke wangu sasa hufika hospitalini akiwa na nguvu ya kujieleza kwa daktari. Masika yanapoingia, gari halilali nyumbani. Hulala chini, kando ya barabara kubwa, kwenye uwanja wa duka la jirani, na mimi hupanda na kushuka kwa miguu kama kila mtu. Vijana wanaobeba machela wanajua kwamba wakifika pale chini gari lipo, limetazama Lushoto, na ufunguo mmoja yuko nao kijana mwenye leseni tuliyekubaliana katika mkutano wa kitongoji. Ile tofauti ya mafuta na spea, ambayo Land Rover ingeinywa, tunaitoa kila mwezi kwenye mfuko wa njia. Siku ya msaragambo natoka na koleo. Sichimbi sana, lakini nahesabu mawe na kuandika majina ya waliofika, kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Katika sehemu tano, mbili zimepata kalavati na ya tatu imechimbwa mtaro. Jirani yangu ndiye msimamizi wa saruji, na hakuna mfuko unaopotea.

Sisemi kwamba deni limekwisha. Zimebaki sehemu mbili mbaya, na ya tatu haijafunikwa. Machela bado ipo, imetundikwa mahali pakavu.

Kwa msomaji aliye mbele ya uchaguzi kama huu, iwe ni wa gari, nyumba, au kiwanja cha kustaafia, nina maswali manne tu ya kumwachia. Hesabu siku zako, lakini uzipime pia. Tazama ni nani atakayebeba ugumu unaousifu. Chunguza kama unachokinunua ni chombo, au ni fahari, au ni udhuru. Na ukishachagua kilicho chepesi kwako, tafuta mzigo ulioangukia wapi, uufuate, ukaushike upande mmoja.